Maji ya Kyela ni tahir. Je, yatosha?

 

 Ndugu zangu Waislamu, safari hii nitazungumza juu ya konokono. Najua wapo watakaogeuza ukurasa haraka wakatafute habari za Palestina. Nawaomba wavumilie kidogo, kwani jambo lenyewe linahusu udhu wetu, na kuna kijana wa madrasa yetu aliyekojoa damu kwa sababu ya jibu nililompa mimi, mwalimu wake.

Mwaka juzi, likizo ya Desemba, niliwachukua vijana wetu kutoka Mbeya mjini kwenda ziara Kyela. Wanaoijua njia ile wanajua uzuri wake: unapita Tukuyu kwenye chai na migomba, kisha unateremka mpaka joto likupige usoni, na mbele yako ni mashamba ya mpunga na minazi kama vile umefika pwani. Tulipita Ipinda tukaenda hadi Matema, mahali ambapo milima ya Livingstone inaingia majini na kina mama wa Kikisi wanauza vyungu vyao. Vijana wakaoga, wakacheza mpira mchangani, wakala ndizi na samaki.

Ikafika Adhuhuri. Vikopo vya kutawadhia tulikuwa tumevisahau kwenye basi, na basi lilikuwa mbali. Karibu nasi kulikuwa na ghuba ndogo iliyotulia, ina matete na majani yanayoelea, maji yake hayana wimbi. Nikawaambia vijana waende vichakani wamalize haja, kisha washuke pale wastanji na kutawadha. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka 13, akaniuliza: "Ustaadh, hapa pana majani na konokono wengi. Tusogee kule kwenye mchanga?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa. Nikamweleza kuwa maji yakizidi kulatein, yaani lita mia mbili na ushei, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu, seuze ziwa zima. Nikaongeza kuwa mdudu asiye na damu yenye kutiririka hata akifia majini hayatii najisi, na konokono ni katika hao. Nikafurahi moyoni kwamba nimepata nafasi ya kufundisha. Kijana akasema, "Sawa, Ustaadh," akaingia hadi magotini.

Kifiqhi jibu langu lilikuwa sahihi, na hadi leo sioni kosa lake.

Miezi mitatu baadaye mama yake alinipigia simu. Aliona haya kulisema, akazunguka kwa salamu ndefu, mwisho akasema: "Ustaadh, mtoto anakojoa damu mwishoni, na inamchoma." Babu yake nyumbani alikuwa amemtuliza kwa kusema kuwa zamani kijana akifikia hapo huambiwa amekua. Alhamdulillah, mama hakutulizika. Zahanati wakapima mkojo, wakakuta mayai ya kichocho. Tulipowapeleka wenzake wakapimwe, kadhaa walikuwa nayo.

Mpenzi msomaji, nilikosa usingizi. Nina shahada ya masomo ya Kiislamu, nasomesha Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari, nina vitabu vya tahara vya kujaza kabati. Baiolojia niliiacha kidato cha nne. Nikampigia rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, ambaye ni mwalimu wa baiolojia hukohuko Kyela. Si Muislamu, lakini siku ile alinisomesha kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo kwa mwanafunzi wangu.

Alinipeleka kwenye mfereji wa mpunga, akageuza jani lililokuwa likielea. Chini yake palikuwa na tone la ute lililoganda, ndani yake vidoto kama mbegu za pilipili. Hayo ni mayai ya konokono. Tukayachukua pamoja na konokono wachache, kwa kibanio, mikono yetu ikiwa na glavu. Shuleni akaweka tone lile chini ya hadubini. Nilipochungulia, nikaona ndani ya kila yai kijusi kinazunguka, polepole, bila kusimama, kama kitu kinachosukumwa na mkono usioonekana. Nikasema "Subhanallah" kwa sauti, wanafunzi wake wakacheka.

Kinachozunguka pale, aliniambia, ni utoto wa konokono, hatua ambayo wataalamu wanaiita lava. Ni neno lile lile wanalotumia kwa viluwiluwi vya mbu, kwa maana ya kiumbe mchanga asiyefanana bado na wazazi wake. Konokono, chaza, kome na pweza ni ukoo mmoja uitwao moluska. Chaza wa pwani yetu hutoa mayai majini kwa mamilioni, na katika muda wa siku moja au mbili yai lililorutubishwa huwa kidude kidogo mno chenye mkanda wa vinyweleo vinavyokisukuma. Hiyo ni trokofora. Kisha huota kitu mfano wa tanga, kikaitwa veliga, jina lililotoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya tanga. Kwa tanga lile hujongea, hukamata vijimea vya kula, na kuchukuliwa na mikondo kwa siku au wiki, mpaka kipate mwamba wa kukaa. Wengi mno huliwa njiani. Pweza peke yake na ndugu zake ngisi wana njia nyingine, wao hutoka kwenye yai wakiwa tayari na mikono.

Kwa konokono katika hatua hiyo hiyo hutokea jambo la ajabu: mwili wake hujipinda nusu duara, hata njia ya haja ikaja juu ya kichwa. Wengi hubaki hivyo.

Sasa konokono wa maji baridi angefanyaje? Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inashuka Kyela kwa nguvu, na masika hufurika mashambani. Kidude chenye tanga la vinyweleo kingesombwa. Basi konokono wa jamii ya Bulinus, ndiye tuliyemkuta mferejini, hupitisha utoto wote huo ndani ya yai. Trokofora na veliga zimo humo, zimefupishwa, zinazunguka kwenye ute. Baada ya wiki moja hivi anatoka konokono mdogo aliyekwishavaa gamba lake. Naye ni dume na jike kwa pamoja, anaweza kujirutubisha mwenyewe, kwa hiyo mmoja tu aliyebaki kwenye dimbwi anatosha kulijaza upya. Dimbwi likikauka anaweza kujificha kwenye tope kusubiri mvua.

Kome wa maziwa yetu nao wana habari yao. Mwaka 1961 mtaalamu Mwingereza Geoffrey Fryer, ambaye kabla ya hapo aliwatafiti samaki wa Ziwa Nyasa huko Nkhata Bay, alieleza lava wa kome wa jamii ya Mutela upande wa Ziwa Victoria. Lava huyo hung'ang'ania samaki, akapenyeza mirija kama mizizi kwenye ngozi yake, akakulia hapo hadi aweze kudondoka na kujitegemea. Kome wa jamii hiyo ya Mutela wamo Ziwa Nyasa pia. Qur'an inatufundisha katika Sura Hud kuwa hakuna kiumbe kitambaacho ila riziki yake iko kwa Allah (s.w.), nilikuwa naisoma aya ile nikiwafikiria swala na ndege. Na Sura Nuh inakumbusha kuwa tumeumbwa hatua kwa hatua. Sisemi kuwa aya hiyo inamzungumzia konokono. Siipendi tabia iliyoenea ya kuchukua kila uvumbuzi na kuupachika kwenye aya kana kwamba Qur'an inahitaji cheti cha maabara. Nasema tu kuwa aliyeumbwa kwa hatua anapaswa kuziheshimu hatua za wengine, na kuziogopa pale panapostahiki hofu.

Hofu yenyewe ni hii. Mwalimu yule alichukua konokono mmoja, akamweka kwenye glasi ya maji safi, akaiweka dirishani kwenye jua. Tukanywa chai. Tuliporudi, alinionyesha kwenye mwanga vumbi jepesi linalopanda na kushuka ndani ya glasi. Tone moja chini ya hadubini likawa soko: vidude vyenye kichwa kirefu na mkia wenye panda mbili, vinapiga mbizi huku na kule. Hao si watoto wa konokono. Ni mabuu ya mnyoo wa kichocho, nao wamelelewa ndani ya mwili wa konokono huyo kama kifaranga cha ndege mwingine kwenye kiota cha watu.

Mwendo wake ni huu. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai ya mnyoo yanaanguliwa humo humo. Kinatoka kiumbe kiitwacho mirasidia, chenye vinyweleo, ambacho hakili chochote na kina muda wa saa chache, hauzidi siku moja, kumtafuta konokono anayemfaa. Asipompata anakufa. Akimpata anapenya ndani yake, na mmoja huyo anaongezeka humo kwa wiki nne, tano au zaidi, mpaka waanze kutoka serkaria, ndio wale wenye mkia wa panda, mamia kwa siku. Serkaria naye hali. Ana siku moja au mbili za kumpata binadamu. Akimpata hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache, mkia akauacha nje. Baada ya hapo husafiri kwa damu, hukomaa, dume na jike wakaishi wamekumbatiana kwenye mishipa ya kibofu kwa miaka, wakitaga. Mengi ya mayai hukwama mwilini. Hayo ndiyo yanayoleta damu, na kwa muda mrefu huharibu kibofu na figo, na saratani ya kibofu pia. Kwa wanawake hujeruhi sehemu za uzazi, na wengi wao hutibiwa wakidhaniwa wana maradhi ya zinaa, wakabeba aibu isiyo yao.

Jambo lililonitoa jasho zaidi ni la saa. Serkaria wa kichocho cha mkojo hufuata mwanga, na hutoka kwa wingi kati kati ya mchana, jua la utosi. Mayai ya mnyoo nayo huwa mengi zaidi kwenye mkojo unaotoka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ndugu yangu Muislamu, hiyo ni saa gani kwetu? Ni saa ya udhu wa Adhuhuri. Ijumaa ni saa ya josho. Anayekojoa pembeni ya maji kisha akashuka humo kustanji, ambaye dini imemfundisha usafi kuliko wengine, ndiye anayeyaosha mayai hadi mlangoni kwa konokono, na dakika hiyo hiyo anampokea serkaria wa mwenzake aliyemtangulia. Watafiti waliofanya kazi Misri miaka ya 1960 chini ya Shirika la Afya Duniani waliuorodhesha udhu wa mifereji miongoni mwa mambo yanayowakutanisha watu na kichocho. Niliposoma hivyo mwanzo nilidhani ni chuki. Kisha nikaikumbuka ghuba yangu ya Matema.

Na Misri ndiyo hasa ilikofahamika habari hii. Ni Cairo, mwaka 1851, daktari Mjerumani Theodor Bilharz alipouona mnyoo huo kwenye maiti, ndiyo maana wengine huita maradhi haya bilhazia. Ni Misri pia, mwaka 1915, Robert Leiper alipothibitisha kuwa konokono ndiye anayemlea. Karne kumi na tatu kabla ya hadubini ya Leiper, Mtume (s.a.w.) alikwishakataza mtu kukojoa kwenye maji yaliyotuama kisha akaoga humo, hadithi hiyo ni ya Abu Huraira na imo katika Bukhari na Muslim. Katika Abu Daud imo nyingine inayotahadharisha kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kivulini. Nilikuwa nazihifadhi zote mbili siku ile pale Matema. Vijana hawakukojoa majini, walikwenda vichakani kama nilivyowaambia, nami nikaona nimeitekeleza. Sikufikiria matone yanayooshwa baada ya haja, wala ya wale waliokojoa humo kabla yetu.

Wapo masheikh walioniambia niache kuwatia watu wasiwasi, kwani maji ya ziwa ni tahir na wasiwasi ni wa shetani. Nawajibu kwa adabu kwa kauli ya Imam wetu mwenyewe. Imam Shafi'i aliyazungumzia maji yaliyopashwa moto na jua, ambayo ni tahir bila shaka yoyote, akasema hayachukii isipokuwa kwa upande wa tiba. Tizameni hapo. Mwanazuoni mkubwa amekubali kuwa maji yanaweza kuwa tahir, yakafaa kwa udhu, na bado yakachukiwa kwa sababu yanadhuru mwili. Na kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana tunaisoma kila siku. Tahara ni suali moja, usalama ni suali la pili, na mimi nilimjibu mtoto suali la kwanza alipokuwa akiniuliza la pili.

Baadhi ya wenyeji wa Kyela wanasema kichocho ni cha madimbwi na majaruba, ziwa lenyewe halina. Zamani hata wataalamu waliuhesabu ufukwe ulio wazi wa Nyasa kuwa salama. Lakini upande wa Malawi, kusini mwa ziwa, ilikuja kuthibitishwa mwaka 2001 kuwa konokono mwingine, Bulinus nyassanus, anayeishi kwenye mchanga usio na majani, naye anamlea mnyoo huyo. Watafiti huko wanahusisha kuongezeka kwake na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono, akiwemo yule waitao Trematocranus placodon, ambaye ana meno kooni ya kusaga magamba. Kwa hiyo anayevuta kokoro la chandarua ufukweni, akazoa hata samaki wachanga, anamwondolea konokono adui yake. Mvuvi mmoja mzee niliyemhadithia haya alinyamaza kidogo, akasema: "Ndaga, mwanangu. Sisi tulijua njaa tu."

Wasomaji wangu wa Dar na Mbeya wasidhani ni habari ya shamba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 250 duniani walihitaji tiba ya kinga ya kichocho, wengi mno wakiwa Afrika. Ndugu zetu wa Zanzibar, Unguja na Pemba, walianza mwaka 2012 juhudi kubwa ya kukitokomeza kabisa: dawa ya praziquantel shuleni na majumbani, na katika baadhi ya shehia dawa ya kuua konokono, na kwingine elimu na vyoo. Shehia 90 zilifuatiliwa hadi 2017. Maradhi yalishuka sana, lakini hayakwisha, kwani dawa humtibu mtu, na mtu huyo hurudi kwenye kijito kile kile. Praziquantel yenyewe ni chungu, hunywewa baada ya kula, na haiwaui vizuri minyoo walio wachanga, ndiyo maana kijana wetu alipewa tena baadaye.

Nilimuuliza rafiki yangu namna ya kumtambua konokono huyo. Ukimshika ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikutazama, mdomo uko kushoto. Lakini wapo konokono wengine wakubwa ziwani ambao nao ni wa kushoto, kwa hiyo alama hiyo haitoshi kumtoa mtu hofu wala kumtia. Njia anayoiamini ni rahisi zaidi: maji yatekwe, yakae kwenye pipa lililofunikwa siku mbili nzima, serkaria wote watakuwa wamekufa, au yachemshwe. Kisha mtu atawadhe kwa kikopo, juu ya nchi kavu, na haja aimalizie chooni. Pipa, kikopo na choo, basi.

Katika msikiti mmoja karibu na ufukwe, ambao sitautaja, niliomba nafasi baada ya Ijumaa nikayasema haya. Waumini wa hapo hawana choo, hushuka kijitoni. Walikuwa wamechanga fedha za mnara. Niliwaomba mnara usubiri, zichimbwe shimo mbili za choo na kununuliwa tangi lenye bomba. Vijana waliafiki. Mzee mmoja wa kamati, mtu mwema niliyemheshimu tangu zamani, aliniuliza kama nataka msikiti wao uonekane kwa choo chake. Kina mama, ambao hujitwisha ndoo kila alfajiri kutoka kijitoni na huoga josho la hedhi huko huko, hawakuulizwa, ingawa walikuwa nyuma ya pazia wanasikia. Mmoja wao alinifuata nje akataka kujua jambo moja tu: hiyo dawa inapatikana wapi, na kama mwenye mimba anaruhusiwa. Nilimwambia aende kituo cha afya awaeleze wazi hali yake, ndio wa kumjibu.

Kamati ilisema itakutana baada ya mavuno ya mpunga. Kijana wangu amepona, mkojo wake umepimwa mara mbili na ni safi. Tulipokwenda ziara nyingine mwaka huu, yeye ndiye aliyehesabu vikopo kabla basi halijaondoka, na alikuwa amebeba cha ziada akakiweka miguuni kwangu bila kusema neno.